Nakala za Magazeti ya Vita na Mafundisho Yake

Katika miezi hii tumeulizwa mara kwa mara na walimu wenzetu, na hata na wazazi, juu ya magazeti ya zamani yanayopigwa chapa upya. Magazeti hayo ni ya siku za vita: vita ya 1914 hadi 1918, vita ya 1939 hadi 1945, na nyingine za mbali zaidi. Huko Uingereza na Marekani nakala za namna hii huuzwa sana katika maduka ya makumbusho na kwa njia ya intaneti, nazo zimekwisha kufika hata huku kwetu, zikiletwa na vijana wanaorudi likizo kutoka miji mikubwa, au na wageni wanaozitoa kuwa zawadi kwa shule. Wako wazinunuao kwa kupenda kukusanya mambo ya kale, na wako walimu wazitundikao ukutani wapate kufundisha historia. Swali tuliloulizwa ni moja: Je, vitu hivi vyafaa, au ni mapambo tu ya kumaliza fedha?

Sisi tukaao Kagongwa tumezoea mizani. Mpunga uletwao mashineni hupimwa kabla ya bei kutajwa, na dhahabu ya wachimbaji wadogo haipokelewi kwa kutazamwa kwa macho peke yake. Basi na nakala hizi yatupasa kuziweka mizanini vivyo hivyo, tujue uzito wake ni upi na takataka zake ni zipi, ndipo tuseme kama zafaa kuingia darasani.

Kwanza tupambanue maneno, kwani watu wengi huyachanganya. Gazeti la asili ni karatasi ile ile iliyotoka mtamboni siku ya tarehe yake. Nakala ni karatasi ya siku hizi iliyochukua sura ya ile ya kwanza, nayo inakiri wazi kuwa ni nakala. Bandia ni nakala iliyonyang'anywa ungamo lake, ikauzwa kana kwamba ndiyo ya asili. Karatasi yaweza kuwa moja, wino mmoja, na mpiga chapa mmoja. Kinachotofautisha nakala na bandia ni neno la ukweli lililoandikwa juu yake, au lililofutwa.

Wasomaji wetu wa Kahama na Geita watalielewa jambo hili upesi kwa mfano wa dhahabu. Mwaka 1916, Wajerumani walipokuwa wamezingirwa na fedha hazifiki tena kutoka kwao, walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 katika karakana ya reli pale Tabora. Dhahabu yenyewe ilitoka mgodi wa Sekenke, na upande mmoja wa sarafu ulichorwa tembo. Zilipigwa yapata 16,000 tu, kwa hiyo wakusanyaji wa nchi nyingi huzitafuta kwa bei kubwa. Leo sarafu za mfano huo hutengenezwa na watu wengine wasiopata kuiona Tabora. Iliyopigwa muhuri wa kuonyesha kuwa ni mfano haimdhuru mtu; mtoto aweza kuishika na kujifunza. Isiyo na muhuri ni mtego. Gazeti nalo ni hivyo hivyo, ila mtego wa gazeti ni mbaya zaidi, kwa sababu sarafu hudanganya mfuko, na gazeti hudanganya kumbukumbu.

Tusidhani kuwa hatari hii ni ya juzi. Mji wa Vicksburg, katika jimbo la Mississippi, ulizingirwa mwaka 1863 katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Karatasi ziliadimika, na J. M. Swords, mwenye gazeti la The Daily Citizen, akatumia karatasi zenye maua za kupambia kuta za nyumba, akipiga chapa upande wa nyuma. Herufi za toleo la tarehe 2 Julai zilikuwa zimekwisha kupangwa. Tarehe 4 Julai mji ukasalimu amri, mwenye gazeti akakimbia, na askari wa Kaskazini wakazikuta herufi zimesimama mahali pake. Wakaondoa sehemu kubwa ya safu ya mwisho, wakatia maneno mengine pamoja na taarifa yao wenyewe ya kutangaza ushindi, kisha wakapiga chapa. Katika nakala chache za mwanzo jina la gazeti lilikosewa herufi, likasomeka CTIIZEN, wakalisahihisha na kuendelea.

Karatasi ile moja imepigwa chapa upya zaidi ya mara 30 tangu wakati ule. Familia nyingi za Marekani zimeirithi kutoka kwa babu zao, zikaitunza kwa heshima kubwa, kumbe ni mojawapo ya nakala. Maktaba ya Bunge la nchi hiyo, pale Washington, ilibidi itoe maelezo ya kuwasaidia watu kuitambua ya asili. Hapa twaona kosa lilipoanzia. Waliopiga nakala zile hawakuwa wote wadanganyifu. Wengi walitaka kumbukumbu tu. Ila hawakuandika mahali pasipofutika kuwa hii ni nakala ya mwaka fulani, na miaka ilipopita waliojua wakafa, karatasi ikabaki peke yake bila wa kuisemea.

Hapa petu tulionyeshwa gazeti la Kiingereza la 1945 ambalo ndugu mmoja alilinunua kwa mchuuzi, katika mji tusioutaja, kwa fedha zinazotosha magunia mawili ya mpunga. Aliambiwa kuwa lilitoka katika sanduku la askari aliyepigana Burma. Lilikuwa limechovywa katika chai lipate rangi ya uzee. Kwa faida ya wasomaji tueleze alama chache. Karatasi ya magazeti hutengenezwa kwa miti iliyosagwa, nayo hugeuka manjano kwa mwanga na hewa, ikianza pembeni na penye mikunjo, huku katikati pakibaki peupe kuliko kando. Iliyochovywa katika chai ina rangi moja kote, au mabaka kama ya nguo iliyolowa. Magazeti ya zamani yalipigwa kwa herufi za risasi, ambazo hukandamiza karatasi. Ukipitisha kidole nyuma ya ukurasa mara nyingi wasikia vinundu vidogo. Nakala nyingi za siku hizi ni laini pande zote mbili. Tena, ukizitazama herufi kwa kioo cha kukuzia, nakala nyingine zitaonyesha vinukta vinukta ambavyo herufi ya risasi haina. Alama hizi hazitoshi kumfanya mtu kuwa fundi, lakini zatosha kumzuia asiuze mpunga wa watoto wake kwa karatasi ya chai.

Tuseme sasa juu ya nakala zilizo aminifu, zinazokiri hali yake. Hata hizo zina upungufu ambao mwalimu hana budi kuujua. Upungufu wa kwanza ni huu: nyingi ni ukurasa wa mbele tu. Mwuzaji huchagua siku za habari kuu, vita kuanza, mji kutekwa, amani kutangazwa, akauchapa ukurasa mmoja wenye herufi kubwa, akauacha mwili wote wa gazeti. Mnunuzi hupenda hivyo, kwa maana ukurasa mmoja waingia katika fremu. Lakini anayefundishwa kwa kurasa za namna hiyo hujifunza kwamba historia ni tarumbeta tupu.

Tuchukue nakala ipendwayo kuliko zote, ile ya amani ya tarehe 11 Novemba 1918. Magazeti ya London yalisema kuwa vita vimekwisha, nayo yalisema kweli, kwa London. Katika Afrika Mashariki havikuwa vimekwisha. Jeshi la Jenerali von Lettow-Vorbeck lilikuwa katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Lilikuwa limeingia Kasama siku chache kabla, na habari ya amani ilimfikia jenerali huyo tarehe 13 Novemba. Silaha ziliwekwa chini pale Abercorn, paitwapo sasa Mbala, tarehe 25 Novemba 1918. Kwa majuma mawili, basi, gazeti lilisema amani, na mchukuzi wa Kiafrika alikuwa bado ana mzigo kichwani. Mtoto wa Shinyanga akifundishwa kwa ukurasa ule peke yake, atajua siku ambayo vita vilikwisha kwa watu wengine, na ya babu zake hataijua.

Twaweza kusema vilevile juu ya Septemba 1916. Magazeti ya Ulaya ya mwezi ule yalijaa habari za mapigano ya mto Somme katika Ufaransa. Mwezi ule ule, tarehe 19, majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora, na Mwanza ilikuwa imekwisha kutekwa na Waingereza tangu Julai. Nchi yetu hii iliyo kati ya Mwanza na Tabora ilibadilika mikono katika miezi mitatu. Hayo ni mambo makubwa kwetu kuliko Somme, lakini hatujaona fremu hata moja yenye habari hiyo.

Na wale wachukuzi je? Katika upande wa Waingereza peke yake, hesabu rasmi ya waliokufa ilipita 40,000, na wanahistoria wengi wanaamini kwamba idadi ya kweli ilikaribia 100,000 au kuipita. Wengi waliuawa na maradhi na njaa kuliko risasi. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na ulimi wa watu wetu ukaligeuza jina hilo likawa Kariakoo, ambalo leo ni jina la soko kubwa la Dar es Salaam. Maelfu huingia na kutoka katika soko lile kila siku, wakinunua vitenge na vyombo, wala hawajui kuwa wanatamka jina la jeshi la wafu. Jina la soko limewatunzia watu hao kumbukumbu zaidi ya kurasa nyingi za mbele.

Kwa hiyo hukumu yetu ya kwanza ni kwamba nakala ifaayo shule ni ya gazeti zima, tangu jina lake hadi tangazo la mwisho. Katika kurasa za ndani ndimo maisha yalimo: bei ya vitu, barua za wasomaji, matangazo ya vitu vilivyopotea, habari za mvua na njaa. Gazeti la Mambo Leo, lililotolewa na Idara ya Elimu mjini Dar es Salaam tangu 1923, lilikuwa na habari za miji na wilaya zilizoandikwa na wenyeji wenyewe, tena lilikuwa na mashairi yao. Kabla yake lilikuwako Kiongozi, lililopigwa chapa katika shule ya serikali ya Wajerumani pale Tanga hata vita vilipolizima mwaka 1916. Humo walimu na makarani wa Kiafrika waliandika kwa Kiswahili mambo ya miji yao. Kama mtu akitaka kutupa zawadi, atupe nakala nzima za haya, tusome jinsi mwalimu mwenzetu wa miaka mia iliyopita alivyoandika katika wakati wa hofu. Hizo zitatufaa kuliko kurasa 20 za London.

Upungufu wa pili wahusu hata gazeti zima. Gazeti la wakati wa vita ni shahidi asemaye huku mkubwa amesimama nyuma yake. Katika vita ya 1939 hadi 1945, jeshi la Waingereza katika Afrika Mashariki lilikuwa na magazeti yake ya Kiswahili kwa ajili ya askari, kama vile Askari na Heshima. Yalisomwa na vijana wetu waliopelekwa Uhabeshi, Madagaska na Burma. Hatuyadharau. Yaliwafundisha wengi kupenda kusoma, na Kiswahili chake kilipita mipaka ya makabila. Lakini yalitungwa ili askari atii na moyo wake usilegee. Lililowaudhi wakubwa halikuwekwa humo.

Mwalimu atakaye kuwafundisha wanafunzi jambo hili awape kazi moja. Tarehe 12 Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na manowari ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi. Watu karibu 1,300 walikufa, wakiwamo askari wengi wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki pamoja na wauguzi. Wanafunzi wapewe nakala ya gazeti lolote la mwezi ule, waitafute habari hiyo. Wakiikuta, watazame imepewa mistari mingapi na imewekwa ukurasa gani. Wasipoikuta, wajiulize ni nani aliyefaidika kwa kimya hicho, na mama wa Mombasa au wa Mwanza alijuaje kuwa mwanawe hatarudi. Mtoto aliyefanya kazi hii mara moja hatasoma tena gazeti lolote, hata la leo, hata maneno ya simu ya mkononi, kwa kumeza bila kutafuna.

Kwa sababu hii nakala peke yake haitoshi. Yahitaji maelezo kando yake. Hapo pana mfano mwema, na mgogoro pia, kutoka Ujerumani. Mwaka 2009 mchapishaji Mwingereza, Peter McGee, alianza kutoa huko mfululizo uitwao Zeitungszeugen, wenye nakala za magazeti ya miaka ya Hitler. Toleo la kwanza lilirudia siku ile ya Januari 1933 Hitler alipopewa serikali, nalo liliweka pamoja magazeti matatu: la chama cha Hitler, la Wakomunisti, na la watu wa mrengo wa kihafidhina. Yalifungwa ndani ya kurasa za maelezo ya wanahistoria. Serikali ya jimbo la Bavaria, iliyorithi haki za magazeti ya chama kile, ilipinga, na toleo la pili likakamatwa madukani. Wapinzani walihofu kwamba watu wenye moyo wa chuki wangetupa maelezo, wakaipenda nakala. Mahakama ya Munich iliamua mwaka ule ule kwamba magazeti yaliyotoka kabla ya 1939 yaweza kupigwa chapa, kwa kuwa muda wa haki zake ulikuwa umepita.

Sisi twaona hofu ile haikuwa ya kipuuzi, kwani sumu iliyowekwa katika chupa ya kale bado ni sumu. Walakini twaona pia kwamba mpango wa McGee ulikuwa na busara ambayo wauzaji wa kurasa za mbele hawana. Magazeti matatu ya siku moja, kila moja likisema lake, hufanya kazi ya mahakama: msomaji huwasikia mashahidi watatu wasiopatana, kisha hana budi kuhukumu mwenyewe. Gazeti moja lililotundikwa ukutani hudai kuaminiwa. Magazeti matatu yaliyowekwa mezani hudai kupimwa. Kama tungeulizwa kanuni moja tu ya kufundishia kwa nakala, tungesema hiyo: usiweke moja peke yake.

Mtu atasema, shule ya kijiji itapata wapi magazeti matatu, nayo haina hata vitabu vya kutosha? Swali hilo ni la haki. Tunajibu kwamba shahidi wa pili hauzwi dukani, tunaye nyumbani. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 si vya mbali. Majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka Oktoba 1978, Rais Nyerere akalitangazia taifa tarehe 2 Novemba kuwa tutapigana, vijana wengi wa Shinyanga na Mwanza walikwenda. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Magazeti ya Uhuru na Daily News ya miezi ile yalisomwa na watu wetu, na katika nyumba nyingine yamo bado, chini ya godoro au katika sanduku la babu, yakiliwa na mchwa. Na wale waliokwenda vitani wako hai, ingawa hupungua kila mwaka. Karatasi na mdomo vyaweza kukutanishwa leo. Baada ya miaka 20 havitakutanishwa tena.

Darasani tumejaribu hivyo. Wanafunzi walipewa nakala ya ukurasa wa gazeti la siku zile, iliyotolewa kwa mashine ya kawaida na kuandikwa NAKALA kwa wino mwekundu pembeni. Wakaichukua kwa wazee, wakauliza maswali matatu: Babu, jambo hili wewe ulilisikia lini? Ulilisikia kwa nani? Na ni nini ulichokiona ambacho hapa hakikuandikwa? Majibu yaliyorudi yalikuwa mazito kuliko somo letu. Mzee mmoja alisema kuwa gazeti lilihesabu miji iliyotekwa, naye alihesabu siku ambazo hakuvua viatu. Bibi mmoja alisema kuwa yeye hakusoma gazeti lolote. Aliijua vita kwa sababu mumewe hakuwapo wakati wa kupalilia, na mpunga ukaota pamoja na majani. Hapo wanafunzi walifahamu kwamba gazeti si vita yenyewe. Gazeti ni neno la mtu mmoja juu ya vita.

Kuna na habari za Mwanza. Mwaka 1979 ndege ya kivita ya Libya, iliyokuja kumsaidia Amin, ilidondosha mabomu ikikusudia matangi ya mafuta, ikayakosa, mabomu yakaangukia hifadhi ya wanyama na kuwaua swala. Wazee wengine husimulia jambo hilo kwa kicheko, wengine kwa hofu ya usiku ule, na wengine wameliongeza chumvi. Basi hapa twaona faida ya karatasi. Mdomo nao husahau na kukuza. Tarehe iliyopigwa chapa humrudisha msimulizi njiani. Kama karatasi yahitaji mzee, na mzee ahitaji karatasi. Hatuwezi kumtupa mmoja kwa kumpenda mwingine.

Liko pingamizi jingine, lililoletwa na wazazi wenye nia njema. Wanasema magazeti ya vita, pamoja na picha za mizinga na maneno ya ushindi, yatawafanya watoto kupenda vita. Hatulipuuzi. Ukurasa wa mbele uliotundikwa juu ya ubao, wenye neno la ushindi kwa herufi za urefu wa kidole, waweza kabisa kufanya hivyo. Dawa yake si kuficha, kwa kuwa watoto huona vita vya uongo katika simu kila siku, na vile havina hata tarehe. Dawa ni kuufungua ukurasa wa ndani, penye majina ya waliokufa na bei ya unga. Tena tuwaonyeshe kwamba hata askari wenyewe hawakukubali kila lililoandikwa na wakubwa. Mwaka 1916, pale Ypres katika Ubelgiji, maafisa wa kikosi kimoja cha Waingereza walikuta mtambo wa chapa katika magofu, wakaanza gazeti lao la mzaha liitwalo The Wipers Times, lililocheka vita na wakuu wake huku mizinga ikivuma. Nakala zake zilikusanywa na kutolewa kitabu mwaka 1930. Hiyo ni nakala ya kumpa kijana apendaye vita. Ataona kwamba aliyekuwa mahandakini alicheka ili asilie, na kwamba maneno makubwa yalitoka kwa waliokuwa mbali.

Twafupisha hukumu yetu. Nakala ya ukurasa mmoja, iliyotengenezwa kwa fremu, ni pambo. Anayeipenda ainunue kama anavyonunua saa ya ukutani, asiilete darasani ikiwa peke yake. Nakala ya gazeti zima, yenye neno NAKALA na mwaka wa kuchapwa kwake mahali pasipokatika, ni kitabu chema. Nakala ya gazeti zima pamoja na maelezo, na gazeti jingine la kupingana nalo, na mzee wa kuulizwa, ni shule kamili. Na ile isiyokiri kuwa ni nakala, hata ikiwa nzuri namna gani, ni dhahabu ya shaba. Mwenye duka aiuzaye ajue kuwa anawaibia pia wajukuu wa mnunuzi wake.

Wenye magazeti ya asili nyumbani twawasihi mambo machache. Msiyagundishe kwa utepe wa plastiki, kwa maana gundi yake huoza na kuitia karatasi madoa. Msiyakunje mara nyingi. Yalazeni katika sanduku pana, mbali na sakafu, unyevu na jua. Yapigeni picha sasa, kila ukurasa, hata wa matangazo, kisha mwandikeni juu ya bahasha yake nani aliyelinunua gazeti na wapi. Na kama mzee aliyelisoma siku ile yu hai, kaeni naye jioni moja, mwandike maneno yake kama alivyoyasema, bila kuyapamba, na karatasi hiyo mwiweke ndani ya gazeti lenyewe. Siku ile mwanafunzi atakapofungua sanduku lile, atakuta mashahidi wawili pamoja, naye hatahitaji kununua historia yake kutoka mbali.